Wageni Wametimia

Mume wangu hajawahi kupoteza mgeni. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akadhani nimekaa hapa kumchafulia jina. Kwa miaka yote aliyoongoza makundi ya watu kushuka korongoni na kupanda milimani, hakuna mgeni aliyerudi amebebwa. Mmoja tu aliumwa na nyuki, naye aliumwa akiwa ndani ya gari lake mwenyewe, kioo kimeshushwa, anasubiri safari ianze. Ofisi zikitaka kuwapeleka wafanyakazi wao mahali pa kuogofya kidogo na kuwarudisha wazima, huelekezwa kwetu.

Na kwetu maana yake ni nyumbani kwangu. Kamba za kuvukia mto zilianikwa juu ya migongo ya viti vya sebuleni. Maboya yalining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na kofia ngumu zilijaa uvunguni, mahali ambapo wanawake wengine huweka masanduku. Mimi ndiye niliyeshona mahema yaliyochanika, niliyekausha viatu vya kuazimisha, niliyepika na kufunga chakula cha njiani. Mimi ndiye niliyepokea simu za wake za watu waliotaka kujua kama waume zao wameshatoka porini. "Wametoka, dada, wanakunywa chai," niliwajibu, wakati wangu mwenyewe hakuwa amenipigia. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Kwangu wageni walikuja, wakaja, na kupona sikukuona.

Korongo lenyewe nilikuwa sijalitia machoni. Mwanzoni nilikuwa na mtoto mdogo. Baadaye ilibidi mtu akae karibu na simu. Baadaye kabisa yakawa mazoea. Hakuna aliyenikataza kwenda, na hakuna aliyenialika.

Lakini kazi ile naijua kwa masikio, kama mke wa mhubiri anavyojua mahubiri. Siku ya kuamkia safari mume wangu hutembea huku na huku sebuleni akijisemesha. Kundi halina mwendo wake, husema, lina mwendo wa aliyechoka. Kwa hiyo aliyechoka mweke mbele, nyuma yako tu, wengine wamfuate, hapo hataona haya na wala hataachwa. Usimwulize mtu maradhi yake mbele ya wenzake wa kazini, maana mbele ya bosi kila mtu ni mzima, mvute pembeni. Usiwasikilize midomo, watazame miguu. Saa ya kugeuka ikifika, geuka, hata kama maporomoko unayasikia. Aliyebaki nyuma asitafute njia. Akae pale pale, apande palipoinuka, apige kelele. Tulichokuja nacho tunaondoka nacho. Na kila mahali pa kuvuka, hesabu: mguse kila mmoja begi, taja namba kwa sauti. Wakitimia, piga filimbi mara tatu, ili aliye mbele ajue kwamba wageni wote wapo, aendelee.

Alihesabu hata pasipohitaji hesabu. Siku ya harusi ya binti yetu aliwahesabu wakwe wakipanda basi, akiwagusa bega mmoja mmoja, mpaka shangazi yao akanivuta kando kuniuliza kama mume wangu amewahi kuwa askari magereza.

Binti huyo ndiye aliyeanzisha haya. Alijifungua, akanipigia simu, na baada ya habari za mtoto akasema ana chumba kitupu.

"Chumba cha nini?"

"Chako, mama. Sisemi uje kutembea. Uje ukae."

"Na baba yako?"

"Baba ana korongo lake. Wewe una nani?"

Nilimkaripia, kama mama yeyote angefanya. Kisha nikakata simu, nikakaa katikati ya zile kamba, na nikaona kwamba swali lake sijalijibu. Nilipomweleza mume wangu kuwa mtoto ananiita, alisema, "Nenda ukamsaidie, mtoto mchanga ni kazi." Hakuuliza ni kwa muda gani. Nikampigia binti tena, nikamwomba anisubiri kidogo, nataka kwanza nikalione hilo korongo. Nikikuta ni kitu cha maana, kitu ambacho mtu mwenye akili anaweza kukipenda kuliko nyumba yake, nitabaki na baba yake na nitajifunza kukipenda na mimi. Nikikuta ni mawe na maji, nakuja na masanduku yangu yote.

"Kundi lijalo nakwenda nalo," nilimwambia mume wangu.

Alikuwa anakagua kamba, anaipitisha kati ya vidole taratibu akitafuta mahali palipolika. "Kufanya nini?"

"Kuona."

Alifikiri kidogo. "Sawa. Tena itasaidia. Kijiko mgongo unamsumbua, wewe utabeba chakula."

Kijiko ni msaidizi wake, mtu mzima na heshima zake, aliyepata jina hilo kwa sababu hatembei bila kijiko mfukoni, asije akakutana na chakula akakosa cha kulia. Nilisema nitabeba. Kwa hiyo kabla hata ya kutoka mlangoni nilikuwa nimeshaingizwa kwenye hesabu ya vyombo.

Kundi lilikuwa la wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, watu kumi na wawili, na meneja wao aliyevaa kofia mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya bei. Mume wangu aliwakusanya pale magari yanapoegeshwa, akawavuta pembeni mmoja mmoja, akawatazama miguu. Aliyekuja na makubazi alipewa viatu vyetu. Mhasibu wao, mama mnene mwenye sauti nzuri, alimnong'oneza jambo ambalo nililisikia kwa kuwa nilikuwa jirani nao nikifunga mabegi: magoti yake ni mabovu, na maji anayaogopa tangu utotoni.

"Basi leo kiongozi ni wewe, dada," mume wangu alimwambia. "Utatembea nyuma yangu, kundi zima lifuate mwendo wako. Ukitaka kusimama, simama tu. Sisi tutajifanya tunaangalia ndege."

Meneja alitaka kutangulia. Aliwekwa katikati, akapewa kubeba mkoba wa dawa, akafurahi kama aliyepandishwa cheo. Nilicheka kimoyomoyo. Nyumbani nilikuwa nikisikia kwamba kila kundi lina mtu wa namna hiyo, na kwamba dawa yake ni kumpa mzigo wenye jina kubwa.

Tuliteremka. Mimi na Kijiko tulikuwa mwisho, mimi na sufuria mgongoni, yeye akinionyesha mahali pa kushika. "Shemeji, hapo jiwe linacheza. Shemeji, hapo kalia makalio, usione aibu, hata wakurugenzi wanakalia." Kuta za korongo zilitukaribia pande zote mbili, jua likabaki juu huko kama si letu, na ubaridi ukaanza. Kisha tukafika mahali mto unapojibana katikati ya mawe, na ng'ambo ya pili ndiko kwenye bwawa na maporomoko ambayo watu wote wale walikuwa wameyafuata. Kijiko alitangulia kuvuka na kamba. Mume wangu alisimama katikati ya maji, yakamfika mapajani, akaanza kuwapitisha.

Mhasibu aliingia hatua moja akaganda. Alishika kamba kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Wenzake walianza kumpigia kelele za kumtia moyo, na mume wangu akainua mkono mmoja, wakanyamaza.

"Niambie, dada," alisema kwa sauti ya mtu aliye kibarazani, "nikienda dukani, godoro zuri nitalijuaje?"

Mhasibu alifumbua jicho moja. "Sasa hivi ndiyo unataka kujua?"

"Nalala kwenye godoro bovu mwaka wa ngapi huu. Weka mguu hapa. Nilibonyeze?"

"Usilibonyeze kwa mkono. Kila mtu anabonyeza kwa mkono. Lilalie."

"Pale pale dukani?"

"Pale pale, na viatu vyako. Muuzaji akikukataza, ujue godoro lake halifai."

"Mguu mwingine. Haya, nimeshalala."

"Geuka ubavu. Bega likizama na kiuno kikabaki hewani, inuka uende zako. Usihadaike na kitambaa, kitambaa ni..." Akanyamaza. Alikuwa amesimama kwenye mchanga wa ng'ambo, na Kijiko alikuwa ameshamshika mkono. Wenzake walipiga makofi mpaka korongo likaitika, na yeye akalia na kucheka kwa pamoja.

Godoro bovu ni letu, na kwa hilo hakusema uongo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande huu na sufuria langu, na sitaficha, niliona wivu. Sauti ile sikuwa nimeisikia nyumbani kwa muda mrefu sana. Niliogopa mambo mengi katika ndoa yangu, niliogopa nilipojifungua, niliogopa mama yangu alipougua, na hakuna siku niliyoulizwa habari za magodoro mpaka hofu ikapita. Ilipofika zamu yangu alinishika kiwiko akanivusha, akasema, "Angalia chakula kisilowe," akageuka kuwashughulikia wageni wake.

Hata hivyo nilipofika kwenye bwawa wivu ulinitoka. Sijui nieleze vipi. Maji yalishuka kutoka juu kabisa, meupe, yakaanguka kwenye bwawa la kijani lililotulia kana kwamba hayo yanayoanguka hayakulihusu. Ukungu wa maji ulitulowesha nyuso. Watu wa kiwandani, waliokuwa wakitaniana njia nzima, walinyamaza wote. Mume wangu alikuwa amesimama kando, hatazami maji. Alikuwa anawatazama watu wakitazama maji, na uso wake ulikuwa mchanga, uso wa yule mwanamume aliyekuja kwetu kuposa akiwa na kiatu kimoja kimefungwa kwa waya.

Nikaelewa. Hakuwa amependa mawe, wala maji. Alipenda dakika ile, mtu aliyeogopa anapofika mahali ambapo peke yake asingefika. Kitu hicho mwenye akili anaweza kukipenda, na hata mimi nilikuwa nimeshaanza. Pale pale nikaamua: siendi kwa binti kukaa. Nitakwenda kumwona mjukuu, nitarudi, na kila kundi litakaloshuka huku nitashuka nalo. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kweli. Nilitaka nimwendee nimwambie wakati ule ule, lakini alikuwa ameanza kugawa sahani, na baada ya hapo kulikuwa na mayai ya kumenya na wali wa kupakua. Nikajisemea, ngoja kwanza nioshe vyombo.

Vyombo haviruhusiwi kuoshwa bwawani, povu lisije likawafikia wageni wanaoogelea. Hiyo pia ni sheria yake. "Mama, nenda nyuma ya lile jabali," alinielekeza, "kuna kijito kinatoka pembeni." Nilichukua begi langu la vyombo, sufuria, upawa na sahani, nikazunguka jabali. Huko maporomoko yalipiga kelele kuliko kule mbele, hata wimbo niliokuwa nikiimba mwenyewe sikuusikia. Nilisugua sufuria kwa mchanga bila haraka. Nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kuanza kwa utani, niseme nimekubali kuwa mke mwenza wa korongo, halafu niseme yaliyobaki.

Yaliyotokea mbele ya jabali niliyasikia baadaye kutoka kwa Kijiko. Mume wangu aliona jani kavu likielea, kisha majani mengi, kisha vijiti, na akaona maji yanaanza kubadilika rangi. Huko juu, tusikokuona, mvua ilikuwa inanyesha. Hakupiga ukelele. Aliwaambia wageni kwa sauti ya kawaida wavae viatu, chai itanywewa kwenye magari. Kijiko akavuka kwanza, akawapokea wa mwanzo na kupanda nao kwenda palipo salama. Mume wangu akabaki mwisho, akiwapitisha kwenye kamba, akigusa kila begi, akitaja namba. Mhasibu alivuka akisimulia habari za pamba na sponji. Mume wangu akahesabu tena walipokuwa ng'ambo, akafungua kamba, akaivuta, akapiga filimbi. Kila kitu alikifanya kama inavyotakiwa.

Mimi nilitokea nyuma ya jabali na sufuria kichwani nikakuta mchanga mtupu.

Jambo la kwanza nililoliona, na ndilo lililonikaa mpaka leo, ni kwamba maganda ya mayai hayakuwapo. Yote yalikuwa yameokotwa. Hata kipande cha karatasi hakikuachwa. Halafu, kutoka ng'ambo, juu ya kelele za maji, nikaisikia filimbi. Mara tatu.

Niliita. Niliita jina lake, jina ambalo siliiti mbele za watu, na maporomoko yakalimeza. Nilikwenda mpaka pale pa kuvukia, na maji yaliyokuwa mapajani sasa yalikuwa yanapita juu ya jiwe alilokuwa amesimamia. Basi nikafanya kama mahubiri yanavyosema. Aliyebaki nyuma asitafute njia. Nilipanda kwenye ukingo wa mwamba, juu ya mchanga, nikakaa. Apige kelele. Nikaweka sufuria mapajani nikaanza kulipiga kwa upawa, taratibu, nikipumzika nikichoka. Chini yangu mchanga tuliolia chakula ulifunikwa kidogo kidogo, mpaka ukawa mto.

Niliogopa, ndiyo. Lakini hofu ilikuwa ndogo kuliko aibu. Nilikuwa mwanamke mzima, bibi wa mtu, nimekaa juu ya mwamba napiga sufuria kama mtoto anayecheza, na huko juu mume wangu alikuwa ametangaza kwamba hakuna aliyekosekana.

Kijiko anasema walifika kwenye magari wakiwa na furaha. Chupa za chai zilikuwa kwenye gari, lakini vikombe vilikuwa kwenye begi langu. Meneja akauliza, "Kwani yule mama wa chakula yuko wapi?" Kijiko alidhani niko na mume wangu. Mume wangu alimtazama meneja kama mtu aliyeulizwa jina la mamake akalisahau. Alinyakua kamba akateremka mbio, yeye ambaye huwafokea watu wanaokimbia kwenye njia ile.

Nilimwona alipotokea ng'ambo. Aliniona na yeye. Aliweka mikono yote kichwani. Hatukuweza kusikizana, kwa hiyo nilipunga upawa kumwonyesha kwamba ni mzima, na nikamwashiria asubiri, maji yapungue. Huwaambia wageni yeye mwenyewe kwamba maji yakiwa na rangi ya chai hayavukwi, hata kama mama yako yuko upande wa pili. Alifunga kamba kwenye mti, akajifunga kiunoni, akaingia.

Maji yalimwangusha mara mbili. Mara ya pili alipotea kabisa, na nikasimama juu ya mwamba nikipiga mayowe ambayo sikujua ninayo. Alipoibuka alikuwa ameshafika karibu na upande wangu, anang'ang'ania jiwe, paji la uso linatoka damu. Nilimvuta kwa ukosi wa shati. Na hapo, namvuta, nikawaza jambo ambalo sijaweza kuliondoa kichwani tena: mtu huyu yuko tayari kufa kwa ajili yangu, lakini kunikumbuka hakuweza.

Tulikaa tumeegemeana, tunahema.

"Nilihesabu," alisema.

"Najua."

"Nilihesabu mara mbili. Walitimia."

"Najua, mume wangu. Nilisikia filimbi."

Alijifunika uso. Sijawahi kumwona akilia, na hata siku ile sina hakika, maana alikuwa ameloa mwili mzima. Kisha akaanza kusema, na kwa kuwa si msemaji ila mbele ya wageni, maneno yalimtoka moja moja.

"Mimi huwa sijihesabu," alisema. "Nikihesabu, mimi simo. Wageni ndio wanaohesabiwa. Na wewe... wewe uko upande wangu. Tangu zamani. Sikukuweka na watu wa kupotea."

Kinyozi hajinyoi, nilijua hilo. Nilimwamini pale pale, na namwamini mpaka leo. Mwanamke mwingine angelipokea neno lile kama zawadi, na zawadi imo ndani yake, sikatai. Alikuwa ananiambia kwamba mimi na yeye ni mwili mmoja, na hajawahi kunikaribia zaidi ya hapo kwa maneno. Lakini yeye asipojihesabu, bado anajibeba kila aendako. Mimi nisipohesabiwa, nabaki mtoni na sufuria.

Sikumwambia hivyo. Nilichana kitambaa cha kufungia mkate nikamfunga paji la uso. Maji yalipungua kabla giza halijaingia korongoni, tukavuka, yeye mbele, mkono wake umenishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi nikaumia, na sikumwomba alegeze. Kule juu watu wa magodoro walitupigia makofi. Mhasibu alinikumbatia akaniambia nina bahati ya kuwa na mwanamume aliyeingia kwenye maji yale. Nikasema ni kweli.

Nyumbani hakuna aliyeligusa tena jambo lile. Alinichemshia maji ya miguu, akatafuta malengelenge na kuyasafisha vizuri, kwa mikono yenye ustadi. Nilitazama utosi wake na nilimpenda. Kama angeuliza siku ile, "Unaondoka?" sijui ningejibu nini. Hakuuliza. Nilipoanza kufungasha alinisaidia, vizito chini, vya kuhitajiwa njiani juu, na nilipofunga sanduku la tatu alitambua kwamba mtu hamtembelei mjukuu na masanduku matatu. Aliketi kwenye lile godoro letu.

"Unarudi lini?"

"Nitaona."

"Makundi yatapungua mvua zikizidi," alisema. "Nitakuwa nyumbani zaidi."

"Vizuri," nilisema. "Upumzike." Kisha nikamwonyesha mahali ninapoweka sindano za mahema.

Sasa niko kwa binti. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nimepata vyote viwili kwa mpigo, na mmoja kati yao ananinyima usingizi kuliko mwingine. Chumba ni kizuri, kina dirisha, na uvunguni hakuna kitu. Kijiko hunipigia simu mara moja moja kuniambia habari. Anasema mume wangu bado hajapoteza mgeni. Anasema siku hizi wageni wakishavuka na kutimia, yeye hubaki majini anatazama ule upande wa nyuma, na mtu humwita mara kadhaa kabla hajageuka. Anasema, "Shemeji, rudi, bwana, tunakula vibaya." Namcheka.

Mume wangu mwenyewe hupiga simu kila siku, yeye ambaye hakuwa akipiga. Huniuliza mtoto ameongeza uzito kiasi gani, mvua huku zikoje. Kuna kitu anakitafuta na hakijui jina. Anadhani nilikwenda korongoni nikiwa nimeshaamua kumwacha, na kwamba mto ulinipa sababu tu. Hajui kwamba tulipokuwa tunakula, akiwa amesimama kando anawatazama wageni wake, nilikuwa nimeshaamua kubaki naye, na nilikuwa namtazama yeye. Kilichobaki kilikuwa kumwambia. Kila akipiga nakaribia kulitamka, nasikia pumzi zake zinasubiri, kisha namwuliza kama amekula.